Datsun 1200 na nati za kabureta: zikazwe kiasi gani?

MtotoWaTudor:
Assalamu alaykum wana jukwaa, na wa dini nyengine hamjambo nyote.

Nina Datsun 1200 ya 1973, injini A12, kabureta ya Hitachi ile ya asili. Ni gari la marehemu baba. Limelala uani Tudor muda mrefu na sasa nalifufua polepole. Injini ilikuwa inazunguka vizuri, ila petroli ilikuwa inalowesha ubavu wa kabureta, basi nikalipeleka gereji moja hapa mjini. Wakaifungua, wakaiosha, wakatia gasketi mpya, wakairudisha.

Tangu hapo halitulii. Asubuhi, choki ikiwa imevutwa, linakwenda. Likishapata moto, injini inapanda yenyewe bila kukanyagwa, kisha inashuka mpaka inakaribia kuzima, kisha inapanda tena. Skrubu ya mchanganyiko nikiifunga au nikiifungua, injini haibadiliki. Na nikiinamisha kichwa karibu na kabureta nasikia mluzi mwembamba.

Nilirudi kwa fundi. Akachukua spana ya 12 akakaza nati zote nne kwa nguvu zake zote, akaniambia sasa hapapiti hewa. Limezidi kuwa baya. Naomba wenye ujuzi mniambie: nati zile hasa hukazwa kiasi gani, na huanzwa na ipi?

Jahazi_Likoni:
Wa alaykumu salaam yakhe. Mluzi huo ni hewa inayoingia pasipo njia yake, inapita chini ya kabureta badala ya juu. Usilipeleke safari ya mbali kwanza. Mchanganyiko ukiwa na hewa nyingi kiasi hicho injini inachemka ndani, na vali za moshi ndizo zinazoungua.

Mlimani_Nairobi:
Sasa ndugu, hiyo gari iliwahi kutengenezwa huku juu? Nauliza kwa sababu kuna watu hubadilisha jeti za kabureta (vitundu vya kupitishia petroli) ziwe ndogo ili ikubaliane na hewa nyepesi ya Nairobi, halafu gari ikishuka Pwani inakosa petroli ya kutosha. Dalili zinafanana kiasi.

MtotoWaTudor:
@Mlimani_Nairobi hapana kaka, gari hili halijawahi kuishi bara. Na kabla ya kwenda gereji lilikuwa linatulia bila shida.

FundiMakupa:
Wa alaykumu salaam mwanangu. Mungu amrehemu mzee wako. Gari hilo ukilishika vizuri litakupeleka Lunga Lunga na kukurudisha.

Nianze na lile neno lako la mwisho, maana jibu limo humo: alipokaza zaidi, ubaya ukazidi. Kabureta haikazwi kama gurudumu. Nati ya gurudumu la gari dogo hukazwa karibu Nm 100 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Stadi (skrubu isiyo na kichwa, ambayo nati hufungwa juu yake) ya milimita 8 ya chuma cha kawaida, ikishikanisha chuma kwa chuma, huchukua kama Nm 25. Stadi hiyo hiyo ikishika kabureta haitaki hata nusu ya hapo. Holley wa Marekani, ambao wameunda kabureta tangu mwanzo wa karne iliyopita, huelekeza inchi-pauni 60 hadi 80 kwa stadi ya inchi 5/16, ambayo unene wake ni sawa na milimita 8 kasoro kidogo sana. Hiyo ni kama Nm 7 hadi 9. Ukikipata kitabu cha injini yako, namba iliyomo ndiyo ya kufuata. Ukikikosa, kaa kwenye Nm 8 na hutavunja kitu.

Sasa sababu yake. Tazama tabaka zilivyopangana pale. Chini kuna manifoldi ya alumini (mabomba yanayopeleka hewa na petroli kwenye silinda), juu yake gasketi ya karatasi, kisha kipande kinene cha bakelaiti (plastiki ngumu ya kuzuia joto), kisha gasketi ya pili, ndipo kikaja kitako cha kabureta. Katika hivyo vyote hakuna kinachopenda nguvu. Alumini inang'oka thredi (mistari inayoshika skrubu). Bakelaiti inapasuka. Karatasi ikibanwa kupita kiasi inakamuka ikatoka pembeni, na ikishakamuka haina tena unene wa kuziba. Na kitako chenyewe, kabureta nyingi za zamani zimemwagwa kwa zinki au alumini. Ukivuta masikio yake (pembe zenye matundu ya stadi) chini kwa nguvu, katikati inapinda juu kama upinde, na pale katikati ndipo kwenye tundu la hewa. Kwa hiyo kila anapoongeza nguvu, anaongeza mwanya. Wengi hawataki kuliamini hili mpaka wawekewe rula.

Kinachoziba ni uso ulionyooka na gasketi nzima iliyobanwa sawasawa pande zote. Kazi ya nati ni kuzishikilia hizo mahali pake.

Na kwa nini inasumbua ikiwa imetulia tu, ukikanyaga inakuwa nafuu? Kwa sababu ukiachia mguu, kipepeo cha kabureta kinafunga, na pistoni zinavuta dhidi ya mlango uliofungwa. Mvuto ndani ya manifoldi ndio mkubwa kabisa wakati huo. Hapa kwetu usawa wa bahari, injini nzima hutoa inchi 18 hadi 20 za zebaki kwenye geji ya kupimia mvuto. Mwanya mdogo kama ukucha unatosha kuiharibia hesabu. Ukikanyaga, mlango unafunguka, mvuto unashuka, na hewa ile ya wizi inakuwa kidogo ukilinganisha na inayopita njia halali.

Mlimani_Nairobi:
Hapo kwa geji mzee umenisaidia. Mimi nikipima huku sipati 18 hata injini ikiwa nzima, nikawa nadhani ringi za pistoni zimeisha.

FundiMakupa:
@Mlimani_Nairobi kwa kila mita 300 unazopanda, toa kama inchi moja. Nyinyi huko mko juu zaidi ya mita 1,600, kwa hiyo ukipata 14 na mshale hautikisiki, injini yako haina neno.

KijanaKongowea:
Mtoto wa Tudor, usihangaike. Fungua, paka silikoni nyekundu chini na juu, rudisha. Mimi nimeona wengi wanafanya hivyo na mluzi unaisha. Na ukitaka kujua hewa inapitia wapi, mwagia petroli kidogo kidogo kwa kifuniko cha chupa pale kwenye kitako injini ikiwa inazunguka. Ikipanda ghafla, ndipo hapo.

FundiMakupa:
Kijana wangu wa Kongowea, nakuheshimu, lakini yote mawili nayakataa, na naomba asome kila mtu.

Petroli kwanza. Injini ya A12 ina manifoldi ya hewa na manifoldi ya moshi upande mmoja. Ile ya moshi iko chini ya kabureta moja kwa moja, na gari likishapata moto inaunguza. Unamimina petroli juu ya chuma hicho, nyaya za plagi ziko jirani, na uso wako uko juu yake. Gari likiwaka moto uani katika nyumba za Tudor zilivyobanana, si gari peke yake litakaloungua. Dawa za kunyunyiza za kusafishia kabureta nazo ni hivyo hivyo, zinashika moto. Tumia maji. Chukua chupa ya kunyunyizia ya dukani, rekebisha itoe mshale mwembamba, nyunyiza kidogo kwenye maungio, upande mmoja baada ya mwengine. Maji yakipita kwenye mwanya yanauziba kwa nukta moja, na sauti ya injini inabadilika. Epuka distribyuta (kigawa umeme wa plagi) tu usije ukailowesha.

Silikoni ile nyekundu haikutengenezwa kukaa na petroli. Inavimba, inalainika, inatoka vipande. Na vipande vya upande wa ndani vinavutwa chini kwenye vali. Wiki ya kwanza utafurahi, baadaye utarudi pale pale, na safari hiyo utakuwa na kazi ya kuchokora mabaki kwenye vitundu vidogo vya hewa.

KijanaKongowea:
Nimesikia mzee. La maji sikuwa nalijua, nitalijaribu kwenye Corolla ya mjomba.

BeetleNyali:
Naongezea la kwangu kwa sababu lile la masikio kupinda nimelishika kwa mikono. Nina Volkswagen Beetle ya 1600, kabureta ya Solex 34 PICT. Hiyo ina nati mbili tu, za spana ya 13. Walioimiliki kabla yangu walikuwa wanazikaza wakivuta pumzi. Niliposhusha kabureta na kuweka rula ya chuma kwenye kitako, mwanga ulipita katikati, na fila geji (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya milimita 0.25 ikaingia bila kulazimishwa.

Nilichofanya: nilichukua kipande cha kioo kinene kutoka kwa fundi wa madirisha, nikabandika msasa wa 240 juu yake, nikasugua kitako kwa kuzungusha namba nane, taratibu, nikigeuza kabureta mara kwa mara ili mkono usielemee upande mmoja. Nikamalizia na msasa wa 400. Kabla ya hapo nilitoa kipepeo na mhimili wake, nikaosha kila kitundu baadaye kwa petroli na hewa ya pampu. Usitumie tupa wala jiwe la kunolea. Tupa inakula pembe na kuacha katikati.

Sasa naikaza kwa vidole, kisha robo zamu hapa, robo zamu pale, mpaka inashika. Inatulia vizuri sana.

FundiMakupa:
@BeetleNyali umefanya kazi safi. Na wanaosoma waangalie jambo hili: Mjapani hutumia nati ya spana ya 12 na Mjerumani ya 13, lakini stadi ndani ni ile ile ya milimita 8. Ukubwa wa spana usikufanye udhani nati hii inastahimili zaidi ya ile.

MtotoWaTudor:
Wazee, ahsanteni. Leo nimefungua. Nimefanya maji kwanza, na sauti ilibadilika upande wa nyuma, ule wa kwenye ukuta wa moto. Nilipoinua kabureta nimekuta haya:

Bakelaiti imepasuka, ufa umetoka kwenye tundu la stadi mpaka kwenye tundu la hewa. Gasketi za chini ziko mbili, moja juu ya mwenziwe, na zile za kukatwa kwa mkono. Stadi moja ya nyuma inazunguka na nati, haishiki. Kitako cha kabureta nimeweka rula, kimenyooka.

Nianzie wapi?

Jahazi_Likoni:
Ufa wa bakelaiti usiugandishe kwa gundi. Joto la pale litaifungua. Tafuta nyengine, hata ya kutoka kwa gari bovu, mradi iwe imenyooka. Na usikubali mtu akuambie uitoe kabisa ukaunge kabureta na manifoldi moja kwa moja. Nimeona mtu amefanya hivyo, kila akizima injini kwenye foleni ya feri mchana, petroli inachemka ndani ya bakuli la kabureta na gari haliwaki tena mpaka lipoe. Wenzake wanaingia ferini, yeye anasukumwa pembeni.

FundiMakupa:
Anza na stadi, mwanangu, maana bila hiyo mengine ni bure.

Kwanza jaza kitambaa safi kwenye tundu la manifoldi. Kubwa, kisichoweza kuvutwa ndani, na ncha yake ibaki nje uione. Nati au washa ikidondoka humo, itakwenda mpaka juu ya vali, na ukiwasha kabla ya kuitoa umeharibu injini kwa ajili ya kipande cha shilingi chache.

Stadi inayozunguka itoe. Funga nati mbili juu yake, zibane moja dhidi ya nyengine, kisha fungua kwa ile ya chini. Ukiona thredi za alumini zimetoka pamoja nayo kama nywele za waya, manifoldi imeliwa. Usitie stadi nene zaidi kwa kulazimisha, na usijaze gundi ya chuma. Peleka manifoldi kwa mtu wa leni (mashine ya kuchonga chuma) atie helikoili ya M8, hatua ya thredi 1.25. Ile ni springi ya chuma cha pua inayokaa ndani ya alumini, na ikitiwa sawa inakuwa imara kuliko thredi ya mwanzo. Manifoldi ishushwe kwenye gari kabla ya kutobolewa. Hapana kutoboa ikiwa juu ya injini, vumbi lote la alumini litashuka ndani.

Stadi tatu zilizobaki zikague pia. Ukivuta kwa kidole na ukahisi mtikisiko, nazo zimeanza.

Gasketi: moja chini ya bakelaiti, moja juu yake. Moja moja. Mbili zikipandana zinakuwa laini, zinashuka kila siku, na nati zinalegea daima. Ukikata mwenyewe, tumia karatasi ya gasketi ya unene wa nusu milimita, chora kwa kufuata ile ya zamani, kata kwa wembe na mkasi. Ile desturi ya kuweka karatasi juu ya kitako na kugongagonga kingo kwa nyundo mpaka ikatike, iacheni jamani. Inaviringisha pembe za chuma laini, na pale ndipo hewa ya kesho itakapopita. Halafu linganisha vitundu vidogo vyote. Kabureta nyingine zina njia za hewa zinazopita kwenye gasketi, ukiziba kimoja utatafuta ugonjwa usiouona.

Nyuso zikwangue kwa kitu laini. Kipande cha plastiki ngumu au cha shaba. Patasi inachimba.

DadaWaBoti:
Salamu nyote. Mimi kazi yangu ni injini za boti, nasoma uzi huu tangu jana kwa sababu matatizo yetu ni mamoja. Naomba kuongeza mambo mawili, kwa idhini ya mzee wangu wa Makupa.

La kwanza ni chumvi. Hapa Mombasa stadi ya chuma ndani ya alumini haihitaji kuzama baharini ili ishike kutu, upepo unatosha. Kutu inavimba, na siku ukifungua, stadi inatoka na alumini yake. Kwa hiyo upande wa stadi unaoingia kwenye manifoldi, paka grisi ya shaba kiasi kidogo. Wengi hukimbilia stadi za chuma cha pua kwa kudhani wameepuka tatizo. Chuma cha pua na alumini vikikutana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na huliwa haraka. Nazo pia zinahitaji grisi.

La pili linafuata hilo. Namba za kukazia karibu zote huandikwa kwa thredi kavu na safi. Ukipaka grisi, nati inateleza, na kwa nguvu ile ile ya mkono inabana zaidi sana kuliko ilivyokusudiwa. Kama upande wa nati una grisi, punguza kama robo. Nm 8 iwe 6. Mimi binafsi naacha upande wa nati mkavu, napaka upande wa manifoldi tu.

FundiMakupa:
Mwanangu DadaWaBoti, idhini unayo na zaidi. Hilo la robo ni kweli tupu, na mafundi wengi wa gari hawalizingatii.

MtotoWaTudor:
Dada, ami, Mungu awalipe. Nimepata bakelaiti nzima kutoka kwa pikapu ya Datsun iliyovunjwa Changamwe, imenyooka, nimeipima juu ya kioo. Manifoldi iko kwa mtu wa leni. Swali moja limebaki: spana ya torki (ya kupimia nguvu ya kukaza) niliyoazimwa inaanzia Nm 20. Nitapimaje 8?

KijanaKongowea:
Si uifunge kwenye 20 halafu usifike mwisho?

DadaWaBoti:
Hapana kaka, spana zile za kubofya hazisemi kweli chini ya kipimo chake cha kuanzia, na hata pale mwanzoni mwa kipimo haziaminiki sana. Hazitabofya kabisa na wewe utaendelea kuvuta ukisubiri.

Tumia mzani wa springi, ule wa ndoano ambao wavuvi wanapimia samaki. Shika ringi spana ya 12, pima kutoka katikati ya nati sentimita 15 kwenye mpini, tia alama. Tundika ndoano hapo, vuta ukiwa umeufanya mzani na spana vikutane kwa pembe mraba. Mzani ukisoma kilo 5 na nusu, umefika Nm 8. Hesabu yake: kilo 5.5 ni kama nyutoni 54, zidisha kwa mita 0.15. Spana yako ikiwa fupi, alama ikaangukia sentimita 10, basi vuta mpaka kilo 8 na robo. Kabla ya kuanza hakikisha mzani unasoma sawa, upime kwa mfuko wa unga wa kilo mbili.

Ukishazifanya nati zote nne hivyo, mkono wako utaijua nguvu hiyo. Utashangaa jinsi ilivyo ndogo.

BeetleNyali:
Dada hili la mzani ni kubwa. Kesho naingia Marikiti kuutafuta.

FundiMakupa:
Nami naandika utaratibu wa kukaza, uufuate siku ya kurudisha.

Injini iwe baridi kabisa. Asubuhi kabla ya jua kali ni bora. Toa waya hasi wa betri. Panga gasketi, bakelaiti, gasketi, kabureta. Kabureta ishuke yenyewe kwenye stadi zote nne. Ikikwama, usiivute chini kwa nati, tafuta ni stadi ipi iliyopinda au mkono upi wa akseleta unaoisukuma. Weka washa bapa, kisha washa ya springi, kisha nati. Nati zote nne zizungushe kwa vidole mpaka ziguse. Hapo tazama kutoka pembeni: mwanya uwe sawa pande zote.

Kisha kwa spana, kwa msalaba. Mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, nyuma kushoto. Mzunguko wa kwanza ni kubana kidogo tu. Wa pili nusu ya nguvu, kwenye mzani wako iwe kilo 2 na robo tatu. Wa tatu ndiyo kilo 5 na nusu. Usiruke mzunguko wa pili, ndio unaolaza gasketi kwa usawa.

Kabla ya kuunga petroli, fungua na kufunga kipepeo kwa mkono mara kadhaa. Kiende bila kukwama, na springi ikirudishe mpaka mwisho peke yake. Hili ni la roho za watu. Kitako kikipinda, mhimili wa kipepeo unabanwa, na unaweza kukanyaga akseleta pale mteremko wa Mazeras ikakataa kurudi. Ukiona kinakwama baada ya kukaza na kabla yake kilikuwa huru, fungua nati zote, usijaribu kukitia mafuta.

Washa, acha ipate moto mpaka kidude cha joto kifike katikati, zima, iache ipoe mpaka siku ya pili. Ndipo urudie mzunguko wa tatu peke yake, kwa mzani, injini ikiwa baridi. Gasketi mpya hushuka kidogo baada ya joto la kwanza, kwa hiyo nati moja mbili zitasogea. Usikaze ikiwa na moto. Chuma kilichotanuka kinakudanganya, na alumini ya moto inatoa thredi upesi.

Dada504:
Samahani kuingilia, mimi nina Peugeot 504 ya baba mkwe hapa Kizingo. Utaratibu huu unanifaa?

FundiMakupa:
Unakufaa dada yangu, idadi ya nati na namba yake uangalie kwenye kitabu chako, lakini mizunguko mitatu na hatua za baridi-moto-baridi ni zile zile. Na 504 ina nyumba kubwa ya kusafishia hewa. Hakikisha haining'inii kabureta peke yake, mabano yake ya kuishikilia yawepo. Uzito ule ukitikisika barabarani ndio unaolegeza nati, kisha watu wanalaumu gasketi.

BeetleNyali:
Mzee na zile kabureta za Weber za kulala, aina ya DCOE? Rafiki yangu anataka kuzifunga mbili kwenye Escort.

FundiMakupa:
Hizo ni habari tofauti, na ndizo ambazo watu huzikosea zaidi. DCOE hukaa juu ya mpira au ringi za mpira ili mtetemo wa injini usiifanye petroli kutoka povu kwenye bakuli. Nati zake hazikazwi mpaka mwisho. Chini ya kila nati kuna washa ya springi yenye mizunguko miwili, na ukimaliza ni lazima uone mwanya kati ya mizunguko hiyo, milimita moja hadi moja na nusu. Kisha nati iwe ya kujifunga yenyewe, kwa sababu haina kitu cha kuibana. Ukizikaza kama za Datsun mpira unabonyea, mtetemo unapita, na injini itakosa petroli kwenye mwendo wa juu.

MtotoWaTudor:
Nimerudi na habari. Manifoldi ilirudi na helikoili, stadi mpya nne, zina grisi ya shaba upande wa chini. Nimekaza kwa mzani wa samaki kama DadaWaBoti alivyoelekeza, kwa msalaba, mizunguko mitatu. Kipepeo kiko huru. Injini imetulia, mluzi hakuna, na sasa skrubu ya mchanganyiko nikiizungusha kidogo tu injini inajibu. Baada ya usiku mmoja nati mbili za nyuma zilisogea kama moja ya nane ya zamu, za mbele hazikusogea. Jana mchana nimelipeleka Likoni kusudi, nikazima kwenye foleni, nikawasha, likashika mara moja.

Ila ubavu wa kabureta bado unalowana petroli, lile tatizo la kwanza lililonipeleka gereji. Ni upande wa pampu ndogo ya akseleta.

FundiMakupa:
Alhamdulillahi. Huo unyevu utakuwa gasketi ya kifuniko cha bakuli, au skrubu zake zimekazwa upande mmoja, au ngozi ya pampu imekauka kwa kukaa. Kausha vizuri, washa, tazama tone la kwanza linatokea wapi kwa tochi, si kwa kiberiti. Piga picha uiweke hapa. Na skrubu zile ni ndogo kuliko nati hizi, zimeingia kwenye chuma laini, kwa hiyo bisibisi yenye mpini mfupi, vidole viwili, na msalaba ule ule.